Deni la Wamisionari Vijana wa Kisangani

Katika habari za Misioni kuna jambo moja ambalo limetushangaza mara nyingi. Kijana anaondoka kwao Ulaya, anawaaga wazazi bila kujua kama atawaona tena, anavuka bahari, anapanda mto majuma kadhaa, anaugua homa, anawazika wenzake. Miaka inapita. Akiisha kuwa mzee mwenye mvi, ukimwuliza siku zipi zilikuwa njema katika maisha yake, anajibu bila kusita: zile za mwanzo kule Afrika. Anataja mto, anataja ngoma, anataja mtu aliyempikia ndizi. Hata homa anaitaja huku akicheka.

Je, amesahau taabu? Au ni desturi tu ya wazee wote kusifu ujana wao? Sisi tunadhani iko sababu nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni ya faida kwetu sote, hata kwa sisi ambao hatukusafiri mbali. Ili tuione vizuri, tumechagua mji mmoja, Kisangani, mji ule ulioitwa Stanleyville mpaka mwaka 1966. Tutazame Wamisionari walifikaje huko, walipokewa na nani, na kwa nini walishindwa kuusahau.

Padre aliyeanza mara mbili

Gabriel Grison alizaliwa Ufaransa mwaka 1860. Aliingia katika Shirika la Mapadre wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, ambalo Padre Léon Dehon alilianzisha katika mji wa Saint-Quentin mwaka 1878. Shirika lilikuwa changa bado, na watu wake walikuwa wachache. Hata hivyo mwaka 1888 Padre Dehon alimtuma Grison kwenda Ekwado, nchi ya Amerika ya Kusini. Alikuwa hajatimiza miaka 28.

Huko alikuwa mgeni kama wageni wote. Alipaswa kuanza upya kama mtoto, kwa lugha, kwa chakula, kwa desturi. Alipokwisha kuzoea, mwaka 1895 mapinduzi yalitokea katika nchi ile. Serikali mpya haikuwataka watawa kutoka nje, na mwaka uliofuata Mapadre hawa walifukuzwa. Kazi ya miaka minane ikakatika.

Mtu mwingine angesema: Mimi nimekwisha kutoa sehemu yangu, sasa niacheni nipumzike kwetu. Grison hakusema hivyo. Padre Dehon alipokubali kutuma watu wake Kongo, Grison alikuwa tayari tena. Mwezi wa Julai mwaka 1897 alipanda meli katika bandari ya Antwerp, nchi ya Ubelgiji, pamoja na Padre Gabriel Lux. Alikuwa na miaka 36.

Siku hizi mtu huruka kwa ndege kutoka Ulaya jioni, na kesho yake yuko Kinshasa. Zamani zile haikuwa hivyo. Meli iliwaleta wageni mpaka Matadi tu, kwa maana juu ya hapo mto Kongo umejaa maporomoko, wala chombo hakipiti. Reli ya kutoka Matadi hadi Léopoldville ilikuwa ikijengwa, lakini haikumalizika mpaka mwaka 1898. Pale reli ilipokoma, iliyobaki ilikuwa njia ya miguu na ya wapagazi. Baada ya hapo ilikuja stima. Kutoka Léopoldville mpaka maporomoko ya Kisangani ni zaidi ya kilomita 1,700 za mto, msitu kulia na msitu kushoto. Stima ilikula kuni kama moto wa jikoni. Jioni ilifungwa ukingoni, na watu waliteremka kukata kuni kwa safari ya kesho. Wasafiri walifika mwezi wa Septemba.

Tusipite hapa upesi. Nani alibeba masanduku ya misa? Nani alikata kuni usiku, wakati Padre amelala chini ya chandarua chake? Nani aliujua mkondo wa mto, akamwonyesha nahodha mchanga ulipo? Kabla Mmisionari hajafundisha neno hata moja, alikuwa amekwisha kuwa na deni kwa watu ambao majina yao hakuyajua.

Mji waliouona

Wengine hudhani kwamba Wamisionari walifika mahali patupu, penye kimya. Sivyo. Stanley alikuwa ameweka kituo kwenye maporomoko mwaka 1883. Mwaka 1887 Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa Zanzibar, alifanywa liwali wa mahali hapo kwa mapatano na mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Misafara ya Wangwana ilikuwa imekwisha kupita huko muda mrefu ikitafuta pembe za ndovu na watumwa. Kisha, kati ya mwaka 1892 na 1894, Dola la Kongo lilipigana na Waarabu na Wangwana, likawashinda. Tena mwezi wa Februari mwaka huohuo wa 1897, askari wa jemadari Dhanis waliasi katika nchi za kaskazini-mashariki, na habari za maasi zilikuwa bado zinatisha watu Mapadre walipotia nanga.

Kwa hiyo watu waliowapokea hawakuwa watu waliolala kwa amani wakingoja wageni. Walikuwa wametoka vita wakaingia vita. Wengine walikuwa wametekwa mbali na kwao. Walikuwa na sababu zote za kumwogopa kila mtu atokaye nje na kufunga mlango. Tukikumbuka hayo, ndipo tutajua thamani ya mkeka waliomtandikia mgeni.

Liko na jambo lingine la kutufurahisha sisi wasomaji wa Kiswahili. Lugha hii unayoisoma hapa haikuletwa Kisangani na Mapadre. Waliikuta. Ilipanda kutoka pwani pamoja na misafara, kwa njia iliyojaa machozi, ikakaa katika vinywa vya Wangwana na vya watoto wa watumwa, ikapata lafudhi yake yenyewe. Basi Padre msomi, aliyejua Kilatini na Kifaransa na Kihispania, alikaa chini akafundishwa Kiswahili na watu ambao ulimwengu uliwaita wanyonge.

Tena lugha moja haikumtosha. Kiswahili kilitoka upande wa mashariki na Lingala ikapanda na mto kutoka magharibi, nazo zikakutana Kisangani. Mpaka leo, ukivuka mto kwenda Lubunga kwenye ukingo wa kushoto, utasikia Lingala zaidi, na katika mitaa ya ukingo wa kulia utasikia Kiswahili kingi. Watu wengi wa mji hutumia zote mbili, wakichanganya katika sentensi moja bila kujikwaa. Mgeni aliyejifunza moja akajisifu, akivuka mto huwa mwanafunzi tena!

Walimu wa walimu

Siku ya Noeli ya mwaka 1897 misioni ya kwanza ilianzishwa, chini kidogo ya mji, upande wa Simi-Simi, ikaitwa Mtakatifu Gabrieli. Hilo lilikuwa pia jina la Mapadre wote wawili waliosafiri pamoja.

Majirani wa misioni hiyo walikuwa na elimu yao. Kwanza ni Wagenia, watu wa maporomoko. Wao husimamisha miti mikubwa katikati ya mawe, maji yanapochemka, wakafunga juu yake mitego mirefu mfano wa mapipa yaliyochongoka, iliyofumwa kwa fito na kamba za msituni. Samaki husukumwa na nguvu za maji akaingia, asiweze kurudi. Hakuna chuo kilichowafundisha kupima nguvu za mkondo. Baba alimwonyesha mwanawe, naye mwana akamwonyesha mjukuu. Hata leo wageni wakifika Kisangani hupelekwa kwanza kuwatazama Wagenia, nao husimama wakishika vichwa.

Chini ya mji ni Walokele, wavuvi na wafanyabiashara wa mto, mabingwa wa ngoma zinazosema. Ngoma yao ni gogo lililotobolewa ndani, lenye midomo miwili, mmoja hutoa sauti ya juu na mmoja ya chini. Lugha yao nayo hupanda na kushuka kwa sauti, na ngoma hufuata kupanda na kushuka huko. Lakini maneno mengi hufanana kwa sauti, basi mpigaji hasemi neno moja tu. Akitaka kutaja mwezi, hupiga fungu zima, kama kusema mwezi unaotazama chini duniani. Hivyo asikiaye hapotei, na habari hupita kutoka kijiji mpaka kijiji kabla mtumbwi haujafunguliwa.

Hapa tunapenda kumtaja jirani mmoja ambaye hakuwa wa Kanisa letu. John Carrington, Mwingereza wa misioni ya Wabaptisti, alifika Yakusu, karibu na Kisangani, mwaka 1938, akiwa na miaka 24. Alivutwa sana na ngoma hizo, akawa mwanafunzi wa wazee waliozipiga, na mwaka 1949 akatoa kitabu juu yake kilichosomwa katika nchi nyingi. Baadaye akafundisha katika chuo kikuu cha mji huo. Sifa yake yote ilitoka wapi? Ilitoka katika kukubali kufundishwa. Wazee wa ngoma walimpa, naye akapokea.

Na meza je? Kijana wa Ulaya aliyelelewa kwa mkate na viazi alikuta lituma, ndizi zilizopikwa zikapondwa. Alikuta sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa mawese, ambayo wenye kusema Lingala huyaita pondu. Alikuta samaki wa mto, mbichi na wa kukaushwa kwa moshi. Mtu huanza kwa adabu, akimeza upesi ili asimwudhi mwenyeji. Baada ya mwaka mmoja huomba mwenyewe. Akirudi kwao huota harufu yake. Wengine watasema hayo ni mambo madogo. Lakini moyo wa mtu hushikwa zaidi na mambo madogo kama hayo kuliko hotuba.

Makatekista

Tukifika hapa tumefika kwenye kiini cha maneno yetu. Mwaka 1904 Roma iliifanya nchi hiyo kuwa Prefektura ya Kitume ya Stanley Falls, na Padre Grison akawa mkuu wake. Mwaka 1908 ikawa Vikariati, naye akawekwa wakfu kuwa Askofu. Nchi aliyopewa haikuwa na kipimo cha akili. Misioni zilifika Basoko magharibi, Avakubi katika msitu wa Ituri, na Beni karibu na milima ya Ruwenzori na mpaka wa Uganda. Mapadre walikuwa wachache, tena nusu yao wagonjwa. Inawezekanaje watu wachache hivyo kulea Wakristu katika vijiji vingi vile?

Haiwezekani, wala si wao waliofanya. Waliofanya ni makatekista. Padre alifika kijijini labda mara mbili au tatu kwa mwaka, akaungamisha, akatoa misa, akabatiza, akaondoka. Siku zote zilizobaki ni katekista aliyepiga ngoma ya sala alfajiri, aliyefundisha watoto chini ya mti, aliyemwagia maji mtu wa kufa, aliyepatanisha mume na mke, aliyezika. Padre alipohubiri, mara nyingi katekista alisimama karibu naye akiyageuza maneno katika lugha ya kijiji. Nani ajuaye ni mara ngapi hotuba dhaifu ilitengenezwa njiani na kufika masikioni ikiwa nzuri?

Jina la Askofu limeandikwa katika vitabu. Jina la katekista wa kijiji mara nyingi halikuandikwa, au liliandikwa jina la ubatizo tu: Petro, Yosefu, Andrea. Lakini Wamisionari wenyewe waliwajua kwa sura na kwa sauti, na katika uzee wao ni hao waliowakumbuka.

Tusifiche pia yaliyo machungu. Mapadre walisafiri kwa stima za Dola la Kongo na walipata ardhi kutoka kwa Dola hilo, na siku zile Dola liliwatesa watu kwa ajili ya mpira wa msituni na pembe. Mwaka 1904 tume ya uchunguzi ilipelekwa Kongo, na taarifa yake ya mwaka 1905 ilikiri mabaya mengi. Mwaka 1906 Dola lilifanya mapatano na Roma juu ya ardhi na shule za misioni, na mwaka 1908 Kongo ikawa koloni la Ubelgiji. Sheria iliwapa Wamisionari ulezi wa watoto waliokombolewa utumwani na wa mayatima. Wengi wa watoto hao waliokolewa kweli, lakini hawakuulizwa wanataka kukaa wapi. Mzee anayeukumbuka ujana wake kwa furaha, na akasahau hayo, anakumbuka nusu tu. Anayekumbuka yote mawili, shukrani yake huwa na unyenyekevu, maana anajua alipokewa vizuri na watu ambao wangeweza kumhesabu pamoja na watesi wao.

Kitanda cha mgonjwa

Methali yetu inasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kisangani mara nyingi ilikuwa kinyume, kwani mwenyeji ndiye aliyemponya mgeni.

Malaria ilimkamata karibu kila mmoja. Iliyoogopwa zaidi ni ile homa ya mkojo mweusi, ambayo iliweza kumwua mtu mwenye nguvu kwa siku chache. Tena kulikuwa na kuhara damu, na malale, ugonjwa ulioletwa na mbung'o, uliokula vijiji vizima kando ya mto mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mapadre na Masista waliwauguza wagonjwa wa malale, na vijana kadhaa kati yao walizikwa huko kabla ya kumaliza miaka michache. Lakini wenye kufa wengi kabisa walikuwa wenyeji, wala hilo lisisahauliwe.

Sasa mwone kijana mgeni anayetetemeka kwa homa katika kituo cha msituni. Padre mwenzake yuko safari ya siku nne. Mama yake yuko ng'ambo ya bahari, wala hana habari. Nani anayekesha? Ni mvulana wa misioni anayebadilisha kitambaa cha maji. Ni mzee anayeleta uji. Ni wapiga kasia wanaomlaza katika mtumbwi na kupiga kasia usiku kucha mpaka kwa daktari. Mtu aliyewahi kulala hivyo, mikononi mwa watu wasio wa damu yake, akaamka mzima, hawezi tena kuwaita watu hao wageni. Hapo ndipo tunapoona kwa nini wazee huitaja homa wakicheka. Pamoja na homa hukumbuka mkono uliokuwa juu ya paji la uso.

Askofu Grison mwenyewe aliacha kazi ya uaskofu mwaka 1933, naye Camille Verfaillie akamfuata. Grison angeweza kurudi Ufaransa apumzike kwa ndugu zake. Alibaki. Aliaga dunia mwezi wa Februari mwaka 1942, kwenye misioni ileile ya Mtakatifu Gabrieli, akiwa na miaka 81. Alikuwa amekaa Kongo kuliko alivyokaa kwao.

Mwaka wa machozi

Mwaka 1959 Stanleyville ilifanywa Jimbo Kuu, chini ya Askofu Mkuu Nicolas Kinsch. Mwaka 1960 Kongo ikapata uhuru. Halafu zikaja siku ngumu. Patrice Lumumba, aliyependwa sana mjini humo, aliuawa mwezi wa Januari mwaka 1961, na uchungu ukazidi mioyoni. Mwezi wa Agosti mwaka 1964 wapiganaji walioitwa Simba waliuteka mji. Wakongo wengi waliuawa, wasomi, watumishi wa serikali, watu wasio na kosa. Wazungu waliwekwa mateka, Wamisionari wakiwemo. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka mjini kutoka katika ndege za Marekani. Mateka wengi waliokolewa, lakini si wote. Katika siku zile damu ilimwagika pande zote mbili za mto, damu ya weupe na ya weusi, na ya weusi zaidi sana.

Shirika la Padre Grison lilipoteza zaidi ya watu ishirini katika vurugu zile. Joseph Wittebols, Askofu wa Wamba, aliuawa tarehe 26 Novemba. Tarehe 1 Desemba, mjini Isiro, aliuawa Sista Marie-Clémentine Anuarite, binti wa Kongo mwenye miaka 24, aliyekataa kuuvunja useja wake na akamsamehe aliyemwua. Alikuwa wa shirika la Masista wa Bafwabaka, lenye jina la Kiswahili, Jamaa Takatifu, na Askofu Verfaillie ndiye aliyelianzisha. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

Wakati ule wengi Ulaya waliuliza: Je, hiyo ndiyo shukrani? Miaka sitini na saba ya kazi imeishia hapa? Swali hilo linaeleweka kwa mtu aliyefiwa. Lakini linadhani kwamba wenyeji ndio wenye deni. Walionusurika walijua pia hesabu ya upande wa pili, kwamba kulikuwa na Wakongo waliowaficha Mapadre na Masista, waliowapelekea chakula gizani, waliowasemea mbele ya wenye bunduki, wakihatarisha roho zao.

Basi ikawaje? Wengine walirudi Ulaya wakakaa, kwa ugonjwa na kwa huzuni, nasi hatuwalaumu. Lakini wengine, nguo zao za msiba zilipokuwa hazijakauka machozi, walirudi Kongo. Waliorudi hawakuwa tena vijana wasiojua. Walijua makaburi yako wapi. Hapo ndipo unaweza kupima kumbukumbu njema ya Mmisionari, kama ni utamu wa ndoto tu au ni upendo. Ndoto humfanya mtu aketi kwenye kiti akitabasamu, bali upendo humpandisha tena mtumbwini.

Baada ya Askofu Mkuu Kinsch, kiti cha Kisangani kilikaliwa na mwana wa nchi, Augustin Fataki. Mwaka 1988 akaja Laurent Monsengwo Pasinya, aliyekuwepo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji mwaka 1999 na tena mwaka 2000. Mwezi wa Juni mwaka 2000 makombora yalinyesha siku sita juu ya nyumba za watu, na mamia wakafa. Wakati huo waliobaki na watu hawakuwa wageni peke yao. Wengi wao walikuwa Mapadre, Masista na makatekista wa Kongo, watoto na wajukuu wa wale waliombeba Padre mgonjwa.

Deni hulipwaje?

Sasa tunaweza kujibu swali letu la kwanza. Mmisionari mzee anaikumbuka Kisangani kwa furaha kwa sababu huko alipendwa kabla hajastahili. Alifika na sanduku la vitabu akidhani atatoa tu. Akapewa lugha, akapewa chakula, akapewa jina jipya, akapewa uhai wake mwenyewe kutoka kitanda cha homa. Furaha yake ni furaha ya mdaiwa aliyesamehewa. Kwa hiyo kumbukumbu yake si sifa ya kujivunia. Ni deni, na deni jema hulipwa hata kama mkopeshaji halidai.

Hulipwaje? Tunataja njia mbili tu, nazo ziko mikononi mwetu.

Ya kwanza ni kuandika majina. Katika parokia nyingi, si za Kisangani peke yake, wako bado wazee wanaomjua katekista wa kwanza wa kijiji chao, mpishi wa misioni, mwashi aliyechoma matofali ya kanisa, mama aliyelea mayatima. Wazee hao wakifa, majina yanakwenda nao. Vijana wa parokia, chukueni daftari, mkakae nao jumapili moja baada ya misa. Ulizeni: Nani alianza? Alitoka wapi? Alizikwa wapi? Historia ya Kanisa letu itakuwa kweli zaidi siku majina hayo yatakaposomwa pamoja na ya Maaskofu.

Ya pili ni kupokea. Siku hizi mto unapita upande mwingine. Mapadre na Masista wa Kongo, wa Tanzania, wa Kenya na wa Uganda wanakwenda kufanya kazi Ubelgiji, Ufaransa, Italia na kwingineko. Kijana wa Kisangani anateremka kwenye baridi, hajui jinsi ya kuwasha jiko la nyumba aliyopewa, anakosea maneno altareni, na jioni anakula peke yake. Mahali pengine anapokewa kama mwana. Mahali pengine mlango unafunguliwa nusu tu. Wakristu wa Ulaya wanaosoma habari za Askofu Grison wajiulize nani atamletea uji kijana huyo siku ya homa. Nasi huku Afrika tujiulize vilevile juu ya Padre kijana kutoka jimbo la mbali, kabila lisilo letu, lafudhi isiyo yetu, aliyeletwa parokiani kwetu mwezi uliopita. Je, yuko aliyemkaribisha chakula?

Miaka hamsini ijayo na yeye atakuwa mzee. Mtu atamwuliza siku zipi zilikuwa njema. Hatatuambia idadi ya mikutano wala urefu wa majengo. Atataja nyumba aliyokaribishwa, na mtu aliyesahihisha maneno yake kwa upole bila kumcheka. Heri parokia itakayotajwa hivyo, na heri wenye nyumba hiyo, hata kama majina yao hayataandikwa mahali po pote ila mbele ya Mungu.